Nimeweka LED nyekundu, dashi ikawa giza

"Fundi, habari za kazi. Nina Toyota Corolla ya mwaka 1998, nimeinunua mkononi kwa mtu. Usiku dashi yake inawaka kijani, ile kijani ya zamani iliyochoka, na upande wa geji ya mafuta ni giza kabisa. Nikaona bora niibadilishe iwe nyekundu. Nikanunua LED nyekundu Kariakoo, nikashusha dashi mwenyewe kwa kufuata video, nikatoa globu zote nikaweka LED, pamoja na ile ya alama ya betri. Kuwasha taa: mbili hazikuwaka, nyingine zimewaka lakini huoni kitu, wekundu uko mbali kama kaa linalozimika. Rafiki yangu anasema kosa ni rangi, ningeweka bluu ingewaka. Mwingine anasema nikwangue rangi iliyopakwa nyuma ya uso wa mita. Mke wangu anasema nitaunguza gari. Safari zangu nyingi ni za usiku, Dar na Tanga. Nani yuko sahihi?"

Mke wako ndiye aliye karibu na ukweli, ingawa si kwa sababu anayoidhani. LED haziunguzi gari. Lakini katika kazi uliyofanya jioni ile kuna jambo moja linaloweza kukulaza njiani, na wala si hilo linalokukera. Kwa hiyo niruhusu nianze na alama ya betri. Mambo ya rangi yanaweza kusubiri hadi Jumamosi.

Kwenye magari mengi ya zamani, globu ya alama ya betri si taa ya kukupa habari tu. Iko kwenye njia ya umeme. Unapofungua swichi kabla ya kuwasha injini, umeme kidogo unatoka kwenye betri, unapita ndani ya globu ile na kwenda kuiamsha alteneta, ile mashine inayochaji betri injini ikiwaka, yaani kuipa usumaku wa kuanzia. Globu ya kawaida ya wati moja na ushei inapitisha karibu ampea 0.1. LED inapitisha kama sehemu ya tano ya hapo. Zipo alteneta ambazo haziamki kwa umeme mdogo hivyo: injini inanguruma, gari linakwenda, na betri inaliwa kimyakimya mpaka taa zianze kufifia ukiwa porini. Toyota nyingi za miaka yako zina alteneta yenye plagi ya waya tatu, ambayo hupata umeme wa kuamkia kwa waya mwingine, hivyo huenda lako linachaji vizuri tu. Usikisie lakini. Chukua multimita, pima kwenye vichwa vya betri. Gari likiwa limezimwa na limepumzika, betri yenye afya husoma volti 12.6 hivi. Injini ikiwashwa namba ipande, iwe kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki kwenye 12 huku inashuka, usitoke nje ya geti.

Hata ikipanda vizuri, naomba urudishe globu ya zamani mahali pale. Na urudishe pia za alama nyingine zote za tahadhari: oili, breki, injini, ABS, mkoba wa hewa (airbag). Baadhi ya kompyuta za magari hukagua kama globu ya alama ipo kwa kupima umeme unaopita ndani yake; zikikuta LED zinadhani globu imekatika. Kuna sababu nyingine pia, nitaifikia baada ya kueleza rangi, kwa maana ni hadithi ileile.

Zile mbili zisizowaka ni rahisi. LED ni mlango wa upande mmoja. Globu ya kawaida haijali umeme unaingilia mguu gani, LED inajali. Ichomoe kwenye soketi yake, igeuze nusu mzunguko, irudishe. Wengi wanaoniletea LED "mbovu" nawarudishia zikiwaka bila kuwatoza kitu. Ukigeuza na bado ikakataa, tazama zile nyaya mbili nyembamba zilizokunjwa miguuni mwake. Kwenye LED za bei rahisi nyaya hizo ni nyembamba mno, hazibani kwenye bati za soketi. Zivute kidogo kwa kucha zikae nje zaidi. Jaribu kila moja kabla ya kurudisha skrubu, usije ukashusha dashi mara tatu kwa kazi moja.

Sasa lile kaa linalozimika.

Watu wengi wanaamini rangi ya dashi iko kwenye globu. Kwenye gari la umri wa lako haiko huko. Globu zilizotoka nalo kiwandani ni za kawaida, zinazotoa mwanga mweupe wenye unjano. Kijani unachokiona kinatengenezwa njiani, mwanga ukisafiri kutoka kwenye globu hadi kwenye jicho lako. Na hutengenezwa kwa namna mbili: ama globu imevishwa kofia ndogo ya mpira ya kijani, ama nyuma ya uso wa mita, palepale namba zilipo, pamepakwa wino wa kijani unaopitisha mwanga. Gari jingine lina vyote viwili. Kofia au wino, kazi yake ni kuchuja.

Na chujio haliongezi rangi hata kidogo, linazuia. Mwanga mweupe ni mchanganyiko wa rangi nyingi. Ukifika kwenye chujio la kijani, sehemu ya kijani inaruhusiwa kupita, zilizobaki zinamezwa, na nyekundu ndiyo inayomezwa kuliko zote. Chukua chupa ya kijani, itazame nyanya kupitia kioo chake: nyanya inakuwa nyeusi. Nyanya haijabadilika, wekundu wake umekwama kwenye chupa. LED yako nyekundu ina wekundu mtupu, haina kijani hata chembe, kwa hiyo karibu mwanga wake wote umeishia kwenye wino. Hicho kidogo unachokiona kwa mbali ni kile kilichovuja. LED zako ni nzima. Hata ungenunua zenye nguvu mara mbili, ungeongeza joto la bure nyuma ya dashi na giza lingebaki palepale.

Rafiki yako wa bluu amekosea nusu. Bluu na kijani ni majirani, na machujio mengi ya kijani huvujisha bluu kiasi. Ungepata mwanga hafifu wenye rangi ya bahari saa kumi na mbili jioni. Ungeweza kuupenda, lakini usingekuwa bluu ile uliyoiona dukani ikiwaka peke yake kwenye betri ya majaribio ya muuzaji. Ndiyo maana nawaambia watu wasichague rangi ya LED dukani. Rangi ya dukani ni ya LED. Rangi ya kwenye gari ni ile iliyobaki baada ya chujio kula chake.

Kujua chujio lako liko wapi hakuhitaji utaalamu. Dashi ikiwa nje, zigeuze soketi, zitoe, tazama kama globu za zamani zina kofia. Halafu washa tochi ya simu, ielekeze kwenye tundu lililoachwa na globu, utazame upande wa mbele. Namba zikiwa nyeupe, kijani kilikuwa kwenye kofia, na una bahati. Zikiwa kijani, ni wino. Kama ulizitoa globu zako zote na hukuona kofia yoyote, nadhani tayari tunajua jibu.

Huyo wa kukwangua, basi. Kwa nadharia yuko sahihi, na ndiye anayeniogopesha kuliko wote. Uso wa mita ni plastiki nyembamba iliyopakwa wino tabaka juu ya tabaka: mweusi unaozuia mwanga, mweupe unaousambaza ili namba iwake sawasawa, na huo wa rangi. Yote ni membamba kuliko kucha. Nilipokuwa bado najifunza kazi nilichukua uso wa mita wa mteja, nikalowesha kitambaa kwa thina, nikafuta kijani. Kijani kilitoka vizuri, nikafurahi. Kisha nikaona kitambaa kina weusi. Usiku ule dashi ilikuwa kama anga lenye nyota. Mwanga ulitoka kila mahali isipokuwa kwenye namba 80, ambayo ilikuwa imechanganyikana na jirani yake. Nilimnunulia mteja dashi nyingine iliyotumika kwa fedha yangu mwenyewe, na nililipa deni lile kwa miezi miwili.

Wapo mafundi wanaoifanya kazi hii vizuri, kwa subira, kwa wembe mpya au kwa spiriti na pamba ya masikioni, nukta kwa nukta. Lakini ili uufikie wino lazima uondoe mishale, na hapo ndipo kazi ndogo inakuwa kubwa. Mshale umebanwa kwenye ekseli nyembamba kama sindano. Nimeona watu wanauinua kwa vijiko viwili: ekseli inapinda, au uso unakwaruzika, au mshale unarudishwa pembeni kidogo ya mahali pake. Kosa la nyuzi tano kwenye mita ya spidi hulioni ukiwa umesimama. Utaliona kwenye makazi ya watu, mshale unasema 50 na tochi ya trafiki inasema 54. Geji ya joto ikikosea ni mbaya zaidi, maana utaona injini imetulia wakati inachemka. Anayeondoa mishale anapaswa kuweka alama ya mahali ilipokuwa imetulia kabla ya kuigusa, na akimaliza alilinganishe gari na GPS barabarani. Fundi asiyekuambia habari hizi bila kuulizwa, mshukuru, ondoka.

Kuna jambo jingine kuhusu mishale ambalo wapenda bluu hugundua wakiwa wamechelewa. Mishale mingi ni mekundu au rangi ya chungwa. Kitu chekundu kinaonekana chekundu kwa sababu kinarudisha mwanga mwekundu. Kikipigwa na bluu tupu hakina cha kurudisha. Namba zinang'aa, mshale unapotea. Utajua kuna kilomita mia na themanini kwenye mita, usijue wewe uko ngapi.

Nirudi kwenye gari lako, maana kuna kitu umekitaja na kukipita haraka: kijani kilichochoka na upande wa mafuta ulio giza. Tatizo lako la kwanza halikuwa rangi. Ni globu za miaka zaidi ya ishirini. Waya wa ndani wa globu huvukiza kidogo kidogo na kuganda kwenye kioo. Ukiitazama globu ya zamani utaiona imefanya weusi kama kioo cha kandili isiyofutwa. Moja imekatika, au soketi yake imeshika kutu, ndiyo maana mafuta yako gizani. Hamisha globu nzima uweke kwenye tundu lile ujue kipi ni kibovu. Halafu nyuma ya uso kuna vumbi, na ile nyumba nyeupe ya plastiki inayoakisi mwanga imepata ukungu. Kitambaa kikavu kisafi kwenye ile nyumba, globu mpya, na utaona dashi ambayo mwenye gari wa kwanza aliiona.

Kama mimi ndiye niliyekuwa na gari lako, ningefanya hivyo, ningeacha kijani. Ukitaka kiwe kikali na safi zaidi bila kukwangua kitu, weka LED nyeupe. LED nyeupe kwa ndani ni LED ya bluu iliyopakwa unga wa njano, kwa hiyo ina bluu na kijani cha kutosha kupita kwenye chujio. Utapata kijani kibichi kinachoegemea bluu kidogo. Na kama moyo wako umeshikilia nyekundu, njia ya heshima ni kutafuta dashi nyingine iliyotumika ya gari lilelile, kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar, hazikosekani, ukaichezea hiyo mezani huku ya kwako ikiwa nzima kwenye gari. Ukiiharibu, umepoteza bei ya dashi kuukuu. Ukifanikiwa, hamisha uso tu na si dashi nzima, maana kilomita hukaa kwenye dashi, na gari linalosoma kilomita za gari jingine litakuletea maswali siku ya kuliuza.

Ukichagua LED, chagua umbo lake kabla ya rangi. Globu ya kawaida inamwaga mwanga pande zote, ndivyo dashi ilivyopangwa: mwanga ugonge kuta nyeupe, uzunguke, ndipo utoke kwenye namba. LED nyingi zina chipu moja kichwani, zinapiga mbele tu kama tochi. Matokeo ni madoa: 60 inawaka kupita kiasi, 120 haionekani. Tafuta zenye chipu kuzunguka pembeni pamoja na kichwani, au zenye kifuniko cheupe kama maziwa. Na usizifunge zile ambazo vipande vyake vya chuma viko uchi, zitagusa karatasi ya saketi iliyo nyuma ya dashi.

Karatasi hiyo ni plastiki laini yenye njia za shaba, na soketi hubana juu yake. Izungushe soketi kwa vidole, robo mzunguko tu. Ukitumia koleo utaichana, na njia iliyochanika ni nyembamba kama nywele, huioni, ila utashangaa kwa nini geji ya joto imekufa wakati ulibadilisha taa.

Kisha kile kigurudumu cha kupunguza mwanga wa dashi. Kwenye magari ya zamani kinafanya kazi kwa kukwamisha umeme, na kimepimwa kwa globu zinazokula wati tatu na ushei kila moja. LED inakula kidogo mno kiasi kwamba ukikizungusha hakuna kinachobadilika, kisha mwishoni kabisa inazimika ghafla. Kwa anayeendesha mjini si neno. Kwako wewe ni neno kubwa, na hapa ndipo ningependa unisikilize kuliko pote.

Jicho lina vihisi vya namna mbili. Vya mchana vinaona rangi na herufi ndogo. Vya usiku havioni rangi, lakini vinaona mwendo na vivuli kwenye giza, na huchukua karibu nusu saa kuamka kikamilifu. Mwanga mkali unavilaza tena mara moja. Vihisi hivi vya usiku huchukia zaidi bluu na kijani cha kuelekea bluu, na karibu havioni nyekundu ya mbali, ndiyo maana kwenye vyumba vya rubani na nyambizi walitumia nyekundu miaka mingi, na BMW kwa muda mrefu walishikilia dashi ya rangi ya chungwa. Kwa hiyo wazo lako la nyekundu si la kijinga, lina msingi. Ila nyekundu ina bei: jicho linaihitaji iwe na nguvu zaidi ili lisome, na wapo wanaume wengi wasioiona vizuri nyekundu bila wao kujijua. Kijani ni kinyume chake. Jicho linakisoma kikiwa hafifu sana, na dashi hafifu ndiyo unayoitaka.

Bluu ndiyo mbaya kwa safari ndefu. Jicho haliwezi kuilenga bluu na rangi nyingine kwa pamoja. Picha ya bluu hutua mbele kidogo ya mahali pake nyuma ya jicho, hivyo namba zinakuwa na ukungu. Katikati kabisa ya sehemu tunayosomea, vihisi vya bluu havipo. Umri ukienda, lenzi ya jicho inageuka njano na kuizuia bluu zaidi. Kijana wa miaka ishirini ataniambia yeye anaona vizuri, nami sitabishana naye. Volkswagen walitoa dashi za bluu mwishoni mwa miaka ya 1990, zikapendwa sana kwa macho, lakini mishale waliiacha mekundu na kuipa mwanga wake yenyewe.

Nikuambie ukweli wote. Kwenye barabara ya Chalinze hadi Segera, malori yanakupiga taa kali usoni kila dakika chache, na macho yako hayapati ile nusu saa ya utulivu hata mara moja. Faida ya rangi ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Ukali ndio unaoamua. Ukishavuka mto Wami, upande wa kushoto kuna mtu anatembea na baiskeli isiyo na taa; utamwona au hutamwona kwa kutegemea dashi yako ina mwanga kiasi gani, si ina rangi gani. Dashi ya kijani iliyopunguzwa ni salama kuliko nyekundu isiyopungua. Kwa hiyo kama kigurudumu chako kitaacha kufanya kazi kwa sababu ya LED, ama rudi kwenye globu, ama tafuta LED hafifu kabisa. Njia ya kujua: simama mahali penye giza, zima taa ndani, subiri dakika kumi. Ukiona mwanga wa dashi kwenye kioo cha mbele au kwenye shati lako, umezidi.

Sasa ile sababu ya pili ya kutogusa alama za tahadhari. Kila alama ina kidirisha chake chenye rangi, nacho ni chujio kama lile la kijani. Nyekundu ni hatari, simama. Njano ni angalia mapema. Kijani ni kitu kinafanya kazi, kama indiketa. Bluu ni taa kali. Mpangilio huu ni wa kimataifa, unaufuata kila gari ulilowahi kuendesha. Ukiweka LED nyekundu nyuma ya kidirisha cha bluu, alama ya taa kali haitaonekana, nawe utawapofusha watu kuanzia Msata hadi Muheza ukishangaa kwa nini kila mtu anakupigia taa. Ukiweka bluu nyuma ya kidirisha chekundu cha oili, siku pampu ya oili itakapokufa utaambiwa na injini yenyewe.

Mke wako umwambie hivi. LED zinakula umeme mdogo kuliko globu, na joto lake ni dogo. Kinachounguza waya ni shoti: mguu wa LED uliopinda ukagusa pasipopaswa, waya uliounganishwa kwa kusokota na selotepu. Kwenye Toyota nyingi taa za dashi na taa ndogo za nyuma zinatumia fiuzi moja, iliyoandikwa TAIL. Shoti nyuma ya dashi ikiikata, taa za nyuma nazo zinazima, na wewe uliye mbele hulioni hilo. Lori linalokuja nyuma yako nalo halitakuona. Hofu yake ina mahali pake, basi. Kila ukimaliza kazi kwenye dashi, washa taa, shuka, zunguka nyuma utazame.

Wasomaji wenye magari mapya kidogo watauliza, kwa hiyo nipite huko haraka. Magari mengi ya baada ya mwaka 2000 hayana soketi. LED ndogo kama punje ya mchele zimechomelewa kwa risasi moja kwa moja kwenye bodi. Huko kubadilisha rangi ni kazi ya mtu mwenye mkono mtulivu, na ana hesabu ya kufanya pia. LED nyekundu au chungwa inahitaji volti 2 hivi, ya bluu, nyeupe na aina nyingi za kijani inahitaji 3 na zaidi kidogo. Kiwanda kikipanga nyekundu nne kwenye mstari mmoja, zinahitaji volti 8, na betri inatosha. Weka bluu nne mahali pale, zinahitaji karibu 13. Injini ikiwa imewaka zinawaka kwa shida, ukizima zinakufa, na fundi anakuambia bodi ni mbovu. Zile Toyota zenye mita za Optitron za kizazi cha kwanza, ambazo ni nyeusi tupu hadi ufungue swichi, zina umeme wa volti nyingi nyuma. Hizo usizifungue nyumbani. Na Vitz za mwanzo zenye tarakimu za kijani-bluu katikati, rangi ile inatoka kwenye unga unaong'aa ndani ya kioo. Unaweza kuweka karatasi ya rangi mbele yake, hakuna zaidi.

Kwa gari lako, yapo mambo ya kukupeleka kwa fundi umeme moja kwa moja badala ya kuniandikia: alama ya mkoba wa hewa ikibaki inawaka baada ya dashi kurudi, fiuzi ya TAIL ikikatika mara ya pili, geji yoyote ikisimama au kucheza, au multimita ikikuonyesha kwamba betri haichajiwi. Yasiyo hayo unaweza mwenyewe. Kabla ya kushusha dashi tena, toa waya wa hasi kwenye betri na usubiri dakika mbili; Toyota wenyewe wanataka angalau sekunde 90 ili mfumo wa mkoba wa hewa upoteze umeme uliohifadhiwa. Video nyingi zinaruka hapo.

Jumamosi ukiishusha, rudisha kwanza globu za alama, kisha fanya lile jaribio la tochi ya simu. Nitumie picha ya nyuma ya uso wa mita kabla hujashika wembe. LED nyekundu usizitupe. Kama tutakuta kijani kilikuwa kwenye kofia za mpira tu, utazihitaji.